Swali Lililovuka Barabara

Mimi sina subira, na nimeshaacha kuomba radhi kwa hilo. Aliyenioa anajua, mama mkwe anajua, na kompyuta zote za benki ya damu zinajua, maana hakuna hata moja ambayo sijawahi kuitukana. Kazi yangu ni kutunza kanzidata ya wachangia damu: nani katoa, lini, kundi gani, anakaa wapi. Ofisi yangu iko ghorofa ya kwanza, chumba kimoja chenye feni inayolalamika na dirisha linalotazama barabara. Ng'ambo ya barabara, hatua mia mbili nikitembea kwa hasira, kuna hospitali ya uzazi. Huko nako kuna kanzidata yao, na anayeitunza ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu.

Kanzidata hizo mbili ziliishi miaka minane kama wake wenza walionuniana. Zinaonana dirishani, hazisalimiani. Ya kwetu ilitoka kampuni hii, ya kwao kampuni ile, na mkuu wangu na mkuu wao kila mmoja aliamini kwamba mwenzake akichungulia mezani kwake atamla mpaka sahani. Mimi na shemeji tuliandika barua tukachoka. Tulieleza kwamba hakuna anayeomba kubeba kitu cha mtu. Majedwali yako yanabaki kwako, yangu yanabaki kwangu. Kinachovuka barabara ni swali, na kinachorudi ni jibu. Swali moja linabisha milango miwili kwa wakati mmoja, basi. Wakuu wakasema watalifikiria. Mkuu akikwambia analifikiria, wewe kalale.

Aliyewaamsha ni wifi.

Wifi, dada yao mume wangu na shemeji, alikuwa wodini kule ng'ambo na mimba ya miezi minane na nusu. Kondo la nyuma lilikuwa limekaa chini likaziba njia ya mtoto, kwa hiyo kuzaa kwake ni kwa kupasuliwa tu, na kondo la namna hiyo likiguswa linamwaga damu. Sasa damu yenyewe ya wifi ni ya maringo. Inakosa alama moja ndogo ambayo karibu watu wote wanayo, na ukimtilia damu ya kawaida, mwili wake unaipiga vita. Hospitali iliigundua kwenye mimba yake ya kwanza, miaka kumi na minne nyuma. Safari ile alijifungua salama, jambo likasahaulika. Safari hii daktari hakuzunguka. Upasuaji ni kesho asubuhi, hauahirishiki, na anataka angalau chupa moja ya damu inayomfaa iwe mezani. Bila hiyo atapasua hivyo hivyo, lakini asiulizwe neno baadaye. Na kwa kuwa damu lazima ipimwe kwanza, inatakiwa itoke mkononi mwa mtu leo, kabla ya saa nane mchana.

Mume wangu na shemeji walikuwa wameshapimwa. Hakuna aliyefaa. Mume wangu, mtu ambaye sijamwona akilia hata alipozika baba yake, alinipigia simu akawa anapumua tu.

Shida ilikuwa hii. Kipimo cha alama ile kinafanywa hospitali peke yake; sisi benki tunapima makundi ya kawaida na magonjwa. Kwenye jedwali la maabara la shemeji mlikuwa na kadi za zamani zenye alama kama ya wifi, lakini kadi tupu, namba tu. Majina na anwani yalibaki kwenye mfumo wao wa kale, na mfumo huo ulikufa na mashine yake. Hospitali ilijua damu, haikujua mtu. Sisi tulijua watu, hatukujua damu. Na kitu pekee kilichokuwamo kwenye nyumba zote mbili kilikuwa namba ya kadi ya hospitali, maana fomu yetu humuuliza kila mchangiaji namba hiyo. Mimi ndiye niliyeiweka, tena niliiweka kwa nguvu: usipoijaza, fomu haihifadhi. Nilikuwa na ndoto kwamba iko siku nitaiuliza hospitali swali. Nikawa najisifia kila kikao kwamba kwangu hakuna tundu lisilojazwa hata moja.

Wakuu wakatia saini saa tatu na robo asubuhi. Karatasi moja, swali moja, leo tu. Mficha uchi hazai, nilimwambia mkuu wangu nikipokea karatasi, naye akanitazama kama anayetaka kuirudisha, nikapanda ngazi mbili mbili.

Nilimweka shemeji kwenye simu, spika wazi, kila mtu kwenye kiti chake upande wake wa barabara. Akanifungulia mlango mdogo wa kusoma tu, safu mbili za jedwali moja: namba ya kadi na alama ya damu. Nilijikuta natabasamu, nisiwadanganye. Wifi yuko kitandani na mimi nina raha, Mungu anisamehe, lakini mtu aliyesubiri daraja miaka minane hawezi kulikanyaga mara ya kwanza akabaki na sura ya msibani. Niliandika swali: nipe wachangiaji wote wa kwangu, ukimwacha wifi, ambao kadi zao, kule kwako, zina alama hii. Nikabonyeza.

Sifuri.

Nilimwambia shemeji maneno ambayo mtu hamwambii shemeji yake. Yeye ana upole wa kuudhi, akaniacha nimalize, kisha akaniomba nimsomee kadi moja ya kwangu jinsi ilivyo. Nikamsomea: tatu, moja, moja, nane. Akacheka. Kwake kadi huanza na herufi mbili, kistari, kisha sifuri za kujazia, ndipo namba. Kadi ile ile, kwangu imevaa kaptula, kwake imevaa suti. Ilitakiwa nizivue za kwake herufi na sifuri ndipo zilingane. Dakika nne. Nikabonyeza tena, na safari hii jibu likaja kabla sijaondoa kidole.

Sabini.

Watu sabini! Nilisimama kiti kikaanguka. Nilikuwa natafuta mtu mmoja, mmoja tu, hata awe na homa, hata awe safarini, na mashine inaniambia sabini. Sikumwambia hata shemeji. Nilichukua simu nyingine nikampigia mume wangu pale wodini, nikamwambia amwambie dada yake ale, alale, acheke, watu wa kumtolea damu wapo sabini na wote wako kwenye kiganja changu. Nilimsikia akimwambia. Nilimsikia wifi akisema kitu, kisha mume wangu akarudi kwenye simu na sauti imembadilika, akanishukuru kwa jina la utani aliloniita tukiwa wachumba. Nikaona kazi imekwisha.

Ndipo shemeji akasema taratibu kwenye spika, "Shemeji, hao sabini umewatoa wapi? Mimi nina kadi sita tu."

"Sita?"

"Sita, ukiacha ya dada. Kadi sita haziwezi kuwa na watu sabini."

Hapo ndipo nilipofanya nilichopaswa kufanya mwanzo, nikafungua orodha yenyewe. Majina sabini tofauti, wanaume kwa wanawake, vijana kwa wazee, mitaa yote ya mji. Na mbele ya kila jina, namba ya kadi moja: 3118. 3118. 3118. Nilishuka na ukurasa mpaka chini, 3118. Kadi tano za shemeji hazikuwa na mtu kwetu hata mmoja. Ya sita ilikuwa na watu sabini, kama mke mmoja aliyeolewa na kijiji kizima. Nimetoa habari kwa mgonjwa, na sina mtu.

Saa yangu ilikuwa saa tano kasoro. Niliketi sakafuni, maana kiti kilikuwa bado kimelala. Nikafikiria kumpigia mume wangu nikashindwa. Shemeji akasema tusubiri, huenda mmoja kati ya hao sabini ndiye mwenye kadi kweli na wengine ni makosa. Akasema tuwaite wote, tuwapime. Watu sabini, wengine walihama tangu lini, kwa saa tatu. Nikamuuliza kama huo upole wake unauzwa, ninunue.

Kisha nikaona safu ambayo huwa siitazami, ile inayoonyesha nani aliyeingiza habari. Yote sabini, mkono mmoja: dawati la mapokezi. Na dawati la mapokezi, tangu mimi nianze kazi pale, lina mtu mmoja. Tunamwita Mama Mafaili.

Mama Mafaili ni mama wa miaka hamsini na kitu, mnene wa heshima, miwani kwenye kamba, sauti ya kumfanya mtu anayeogopa sindano ajione shujaa. Mimi naye hatujawahi kuelewana kuhusu fomu. Yeye anasema mtu kwanza, kompyuta baadaye. Mimi nasema bila kompyuta huyo mtu hatumwoni tena. Siku hiyo niliteremka ngazi damu imenichemka, karatasi ya majina mkononi. Watu watatu walikuwa kwenye benchi wakingoja kutoa damu, na mbele yao wote nikaipiga ile karatasi mezani kwake.

Sitaki kurudia yote niliyosema. Nilimuuliza kama anajua maana ya namba. Nilimwambia kuna mtu anakufa ng'ambo kwa sababu ya uvivu wake. Neno uvivu nililitamka, na mpaka leo linaniwasha.

Yeye alivaa miwani, akasoma karatasi kuanzia juu mpaka chini, bila haraka.

"Hawa hawakuwa na kadi," akasema. "Hawajawahi kulazwa, hawajawahi kuugua. Wamekuja wamekunja mikono ya shati, na kompyuta yako inakataa mpaka nijaze. Ulitaka niwarudishe nyumbani na damu yao?"

Nyani haoni kundule. Fomu ni yangu, ukali ni wangu, tundu lisilojazwa nililolipiga marufuku ni langu. Mtu akikataza uwazi, watu wataujaza na chochote. Yeye angalau aliujaza ili damu isipotee. Nikamuuliza, kwa sauti iliyoanza kupungua, kwa nini basi namba hii moja, kwa nini si sifuri, kwa nini si namba ya kubuni.

"Sibuni mimi. Nikibuni naweza kumgusa mwenye kadi yake. Niliandika ninayoijua kwa kichwa."

"Ni ya nani?"

"Yangu."

Nikarudia hesabu kichwani. Kadi sita. Kadi ya sita, 3118, ina alama kama ya wifi. Si ya mmoja wa watu sabini. Haikuwa ya yeyote kati yao. Ni ya mama huyu aliyekaa mbele yangu, ambaye hayumo kwenye kanzidata yangu hata mstari mmoja, kwa sababu yeye mwenyewe hajawahi kutoa damu.

Niliishika mikono yake yote miwili juu ya meza. Nikamuuliza kwa nini hajawahi kutoa, miaka yote hii anawaandika wenzake. Akasema walimpima kule ng'ambo miaka kumi na mmoja iliyopita, wakamwambia damu yake haipatani na ya mtu. Aliona itakuwa balaa akimpa mwingine. Mtu gani atapewa kitu kisichopatana na mtu, alisema, nami nikataka kwenda kumtafuta aliyemweleza hivyo nimkamate shingo. Badala yake nilimwambia ukweli: damu yake haipatani na ya watu wengi, lakini ng'ambo ya barabara kuna mtu mmoja ambaye inapatana naye, na mtu huyo anapasuliwa kesho, na ni wifi yangu.

Mama Mafaili akavua miwani. Akasimama, akazunguka meza, akawaambia wale watatu wa kwenye benchi wamsubiri kidogo, kisha akaenda mwenyewe chumba cha kutolea.

Hapo sasa ndipo ilipokuwa mbio. Nilimpigia shemeji, naye akavuka barabara anakimbia, yeye ambaye hata mvua humkuta akitembea. Muuguzi akachukua damu kidogo kwenye kichupa, shemeji akaondoka nacho mfukoni amekishika kama yai. Kumbe presha ya Mama Mafaili nayo ilikuwa imepanda kwa yale matusi yangu. Muuguzi akanifukuza, akasema nikibaki haitashuka. Nilikaa kwenye korido nimetulia dakika kumi nzima, jambo ambalo mume wangu hadi leo haamini. Saa sita na nusu simu yangu ikalia, ni shemeji. Aliongea neno moja, "Yenyewe," akakata simu. Wakapima presha mara ya pili. Imeshuka. Nikapiga kofi ukuta mpaka kiganja kikawaka.

Nilipoingia alikuwa amelala kwenye kile kiti kirefu, mkono umenyooka, mfuko umeanza kujaa. Nilivuta kigoda nikakaa karibu nikamwomba radhi, kwa neno lile. Akasema ameshasahau, kwa namna ya mtu ambaye hajasahau ila amesamehe. Kisha akanieleza kilichompeleka hospitali mwaka ule. Alikuwa mjamzito. Walihitaji kumpasua, wakawa wanatafuta damu ya kumfaa, wakatafuta kuanzia asubuhi mpaka jioni. Walimwambia katika mji huu hakuna mwingine kama yeye. Walipoamua kumpasua bila damu, yeye akapona, mtoto alikuwa ameshaondoka. Mwaka uliofuata akaja kuomba kazi hapa, dawati la mbele, na akajiapia kwamba mtu aliyekuja kutoa damu hatamrudisha mlangoni.

Akautazama mfuko.

"Huyu wifi yako, amekuja lini mjini?"

Ningeweza kumdanganya. Wepesi wa mdomo ninao.

"Amezaliwa hapa," nikasema.

"Na mwaka ule walikuwa wanamjua?"

"Hospitali ilikuwa imeshampima miaka mitatu kabla. Na sisi tulikuwa naye. Alikuwa anatoa damu hapa tangu yuko chuo. Alikuwamo kwenye kumbukumbu za pande zote mbili, mama. Hakuna aliyeuliza."

Aligeuza uso dirishani. Kutoka chumba kile unaliona lango la hospitali, unawaona hata walinzi.

"Barabara hii tu," akasema.

"Hii tu."

Mimi ndiye niliyelia. Yeye alinitolea leso kwa mkono uliokuwa huru.

Kesho yake saa tatu na nusu asubuhi wifi alipasuliwa. Damu ilimwagika kama daktari alivyoogopa, na chupa ya Mama Mafaili ikaingia yote, mpaka tone. Mtoto wa kike, kilo tatu na nusu, sauti kama tarumbeta. Mume wangu alinikumbatia koridoni mbele ya mama mkwe, jambo ambalo kwetu halifanyiki. Shemeji aliniuliza kama sabini wangu wote wamealikwa kwenye sherehe. Wakuu wote wawili walikuja kutoa pongezi, na kabla hawajamaliza kusema watalifikiria, niliwatolea karatasi mpya ya kibali, isiyo na neno "leo tu", nikawashikisha kalamu. Mkuu wangu akaanza kutafuta miwani, mkuu wao akatia saini kwanza, basi wangu naye hakukubali kuwa wa pili kwa muda mrefu.

Mchana Mama Mafaili akavuka barabara. Alisimama mlangoni mwa wodi na mkoba wake kifuani, akabisha hodi kana kwamba kaja nyumba ya watu asiowajua. Wifi, hana nguvu hata ya kuinua kichwa, akaashiria apewe mtoto. Mama Mafaili akampokea, akakaa naye kwenye kiti cha pembeni. Saa za kutazama wagonjwa zikaisha. Muuguzi akaja kuomba mtoto arudishwe kitandani. Akaja mara ya pili. Mara zote mbili nilimzuia muuguzi mlangoni, nikamrudisha alikotoka.